Kusimama Nyuma ya Imamu

Isiolo,
Mfungo Mosi, 1975

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na assalaam aleikum wewe na Mama na wote waliomo nyumbani. Kifua chako kinaendeleaje? Dada Zuwena ameniandikia kuwa umeanza tena kukohoa alfajiri na daktari hutaki kumwona, unasema ni vumbi la saa unazozitengeneza. Baba, saa hazina vumbi la kumkohoza mtu hivyo. Nenda. Na Mama, magoti yake yamepata nafuu? Sisi huku wazima. Mke wangu Halima anakuamkia, na Mungu akipenda atajifungua kwenye Mfungo Tatu. Mvua bado. Upepo wa huku unavuma tangu asubuhi, chai tunainywa na mchanga wake, na ng'ombe wanaoletwa sokoni unaziona mbavu zao ukiwa ng'ambo ya barabara.

Nimepata habari kwamba dereva wa lori la Haji Nuur, mwenye duka wa huku, alipofika Mombasa alikuja kukuambia kuwa mwanao sasa ndiye imamu wa msikiti wa huku. Dada anasema ulimkalisha barazani ukamnywesha kahawa, ukawaita majirani waje wasikie kwa masikio yao, na ukalia. Anasema tangu siku ile hukutani na mtu ila utalitaja. Ndiyo sababu ya barua hii. Nakuomba uache kulitaja. Nikimaliza kukueleza utajua kwa nini, na huenda ukatamani dereva yule angepotea njia.

Ni kweli, mimi ni imamu. Lakini namna nilivyoupata uimamu inanitia haya hata nikipita sokoni nafuata ukuta.

Sheikh Jibril nimekutajia mara nyingi. Ni mzee wa Kisomali. Baba yake aliletwa huku na Waingereza akiwa askari, na alipostaafu akapewa kiwanja pamoja na wenzake. Hao askari ndio waliojenga msikiti, kwanza wa miti na udongo, kisha wa mabati, na huyo baba yake ndiye aliyekuwa imamu. Alipokufa akashika mwana. Hapakupigwa kura wala hapakuitishwa mkutano. Nilipofika huku mara ya kwanza, kijana wa pwani mwenye kanzu iliyopigwa pasi na Kiswahili ambacho watu walikuwa wakinichekea, yeye ndiye aliyenipokea. Alinipa chumba nyuma ya msikiti, akanikabidhi watoto wa chuo cha Kurani niwafundishe. Nilipotaka kuoa, ndiye aliyekwenda kuniposea Halima kwa wazee wa Kiborana. Walipomuuliza huyu ni mtoto wa nani, mbona hatujui ukoo wake, aliwajibu, "Nyinyi wekeni yeye kwa jina yangu." Basi nikaoa kwa jina lake.

Nilimpenda mzee huyu kwa sababu kila nilipomtazama nilikumbuka mafunzo yako. Ulikuwa ukitukalisha mimi na Zuwena, wakati ule tumetoka Unguja na kile kisanduku chako cha vifaa tu, hata mkeka hatuna, ukatueleza habari za kasri ulikokuwa ukitengeneza saa. Ulisema Mfalme mwenyewe ulimwona akikasirika na akiumwa meno kama sisi, kwa hiyo hukuwa ukimwabudu mtu. Ulichokipenda ni kile kiti. Ulisema kwa kuwapo kile kiti kila mmoja alijua nani yuko mbele na nani yuko nyuma, na hakuna aliyeamka asubuhi akijiuliza kama leo ni zamu yake. Kiti kikishaondolewa, ulisema, kila mtu huanza kujipima kama kingemtosha. Na dini ukaiweka hapo hapo. Mungu hakuwaachia watu wapige kura juu ya kibla, ulisema, akawapa mtu wa kusimama mbele yao.

Maneno hayo nimeyatembeza Isiolo nzima. Mkahawani kwa chai ya jioni, miraa ikiwa imeshafika kutoka Meru na kila shavu limevimba, ndipo penye mjadala, na hasimu wangu hapo ni Mwalimu Abdi. Huyu ni kijana wa papa hapa, anafundisha shule ya msingi, amerudi kutoka chuo cha ualimu na ndevu kidogo na maneno mengi. Mwaka jana redio ilipotangaza kwamba wanajeshi wa Habeshi wamemtoa mfalme wao, alikuja mbio mbio kunitafuta.

"Sheikh, umesikia? Yule mzee yako wametoa yeye."

"Nimesikia. Na hao waliomtoa, nani aliwachagua?"

"Na yeye nani alichagua yeye? Watu wanakufa na njaa huko, yeye ako na karamu."

"Baba yako ulimchagua wewe, Abdi?"

Watu wakacheka, nami nikajiona nimeshinda. Lakini kijana yule hakukubali. Aliutoa ule mti wa miraa mdomoni akasema polepole, "Baba yangu akikuwa mlevi, mama anachukua sisi tunaenda. Hiyo pia utaita dhambi?"

 Nilikuandikia swali hilo, utakumbuka, nawe ukanijibu kurasa tele. Ulisema mama mwenye akili hawachukui watoto akaondoka. Hukaa akaificha aibu ya baba yao, akamfunga vifungo vya shati, akamtoa nje akiwa nadhifu, ili watoto wasije wakakua bila mtu wa kumwogopa. Kazi ya walio nyuma, uliandika, ni kuifunika aibu ya aliye mbele. Barua hiyo niliisoma kwa sauti pale mkahawani. Mwalimu Abdi alisema, "Huyo mama naye nani atafunika yeye?" akaenda zake, na mimi nikadhani ameshindwa.

Basi Sheikh Jibril alianza kusahau. Kwanza ilikuwa mambo madogo, funguo na majina ya wajukuu. Halafu ikaingia katika sala. Atasoma vizuri, ile sauti yake nzito, mara anasimama katikati ya sura kama mtu aliyefika mlangoni asijue alikuwa anaingia kutafuta nini. Wewe unajua desturi, imamu akikwama, aliye nyuma yake humkumbusha aya. Mimi ndimi niliyekuwa nikisimama nyuma yake sawasawa, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Nilijifunza kusoma kwa sauti ya chini kabisa, neno moja au mawili tu, yaani sauti ya kumfikia yeye na isimfikie jirani yangu. Naye alilidaka akaendelea. Zaidi ya mwaka tulikwenda hivyo. Hakuwahi kunitajia, wala mimi sikumtajia. Na nitakuambia kweli, Baba, nilijivunia. Nilijiona mimi ndiye yule mama wa barua yako. Nilipomwona Mwalimu Abdi safu ya tatu hajui lolote, nilisema moyoni, hivi ndivyo kiti kinavyolindwa.

Mwezi wa Ramadhani uliopita, kwenye lile kumi la mwisho, tukisali Alfajiri, upepo ulikuwa unayatikisa mabati vibaya. Akakwama. Nikamkumbusha, hakusikia. Nikarudia kwa sauti, na safari hii walisikia wote. Alipotoa salamu aligeuka akanitazama.

"Nani ametuma wewe kusoma nyuma yangu?" akasema. "Hii Kurani mimi nasoma kabla baba yako ajue kuvaa nguo. Ukisimama nyuma yangu, nyamaza. Umesikia?"

"Nimesikia, Sheikh," nikasema.

Watu walikuwa wakinitazama. Mwalimu Abdi alikuwa akitabasamu, si kwa ubaya, nadhani alinionea huruma, lakini huruma ya Abdi ilinichoma kuliko yale maneno. Nilirudi nyumbani nikawa namwambia Halima, mwaka mzima nambeba mzee huyu mgongoni naye ananiuliza nani amenituma. Halima akasema, "Ni mzee. Anaona haya. Kesho atasahau." Ilinipasa kumsikiliza.

Sala ya Idi huku husaliwa uwanjani, si msikitini, maana watu hutoka hadi Garba Tula na Leparua kuja. Mwaka huu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona, labda kwa sababu ya ukame, watu wamesogea mjini. Bwana D.O., afisa wa serikali wa huku, naye alikuwapo, ameketi kitini pembeni na chifu. Sheikh Jibril alivaa lile joho la baba yake. Alianza vizuri. Akasoma Alhamdu, kisha akaanza Surat Qaf, maana baba yake alikuwa akisoma hiyo siku ya Idi na yeye hataki nyingine. Alipofika kwenye yale majina ya kaumu zilizowakadhibisha mitume, watu wa Nuhu na watu wa Rass na Thamudi, akasimama. Akarudi nyuma akasoma tena mpaka Thamudi, akasimama.

Neno lililofuata lilikuwa ulimini mwangu, Baba. Lilikuwa limekaa pale tayari, nalionja. Nami nikanyamaza.

Nikajiambia ameniamuru ninyamaze. Nikajiambia mimi ni mtu wa kutii, ndivyo nilivyolelewa, ndivyo ninavyowahubiria watu mkahawani, imamu akisema nyamaza unanyamaza. Nilijisomea hoja zako zote pale nilipo, moja baada ya moja, na zote zilikuwa upande wangu. Lakini ndani kabisa nilikuwa nataka akome. Nilitaka ageuke aniangalie, angalau kwa bega lake, anihitaji mbele za watu kama alivyonifedhehesha mbele za watu. Mungu ananijua, sina haja ya kujisafisha kwako.

Hakugeuka. Alirukuu, na mpaka hapo sala ilikuwa bado sala, kwani Alhamdu alikwisha kuisoma na hiyo sura ni sunna tu. Nikashusha pumzi. Nikasema basi, amepata funzo, imetosha. Rakaa ya pili akaanza Alhamdu, na Alhamdu yenyewe ikampotea. Alhamdu, Baba, ambayo mtoto wa kunyonya huku anaisikia kabla hajajua jina lake. Alifika "Wewe tu tunakuabudu" akanyamaza, na mabega yake yakaanza kutetemeka ndani ya lile joho. Hapo nilifungua mdomo, nakuapia, lakini uwanja ulikuwa umeshanitangulia. Walimkumbusha wote kwa pamoja, wazee, watoto wa chuo wangu, wachunga ngamia wa safu za mwisho, hata wanawake nyuma ya pazia. Sauti ilikuwa kubwa sana. Akaimaliza akiwafuata wao, neno kwa neno, kama mwanafunzi.

Baada ya salamu alishika ile fimbo ya hotuba, akaitazama, akampa Haji Nuur, mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Haji Nuur akanipa mimi.

Nikahutubu. Hili ndilo ninaloliona haya kuliko yote. Ningeweza kusoma hotuba fupi ya desturi nikashuka. Badala yake nilihutubu kwa muda mrefu na vizuri sana, bila karatasi, kwa sababu hotuba hiyo nilikuwa nayo kichwani miaka mingi nikiisema peke yangu chumbani. Nilihutubu juu ya kuwatii walio mbele na kuogopa fitina. Watu walilia. Bwana D.O. alinipa mkono akasema hajapata kusikia maneno ya hekima kama yale. Sheikh Jibril alikuwa amekaa chini mchangani, miguu ameikunja, ananisikiliza kwa makini.

Kamati ilikaa juma lile lile dukani kwa Haji Nuur, katikati ya magunia ya sukari. Nilikataa. Nilisema kiti ni cha nyumba ile, na wanawe wapo. Lakini nilikataa kama mgeni anavyokataa chakula mara ya kwanza, na wao walijua nitakubali mara ya pili. Haji Nuur alisema, "Wewe unabeba yeye siku mingi, sisi tunajua. Sasa beba sisi." Wakanyoosha mikono. Mwalimu Abdi alikuwa wa kwanza kunyoosha. Tulipotoka nje alinipiga bega, amefurahi kweli kweli.

"Umeona Sheikh? Hakuna mtu amekufa. Mfalme ametoka, na aliyetoa yeye ni ile rafiki yake."

 Nilirudi nyumbani nikifuata ukuta.

Sasa ungedhani mzee angekasirika, na mimi nilitamani akasirike. Wanawe walikasirika. Walitaka kuhamisha jamaa zao wakasali kwingine, na kulikuwa na maneno ya kufungiana msikiti. Ijumaa yangu ya kwanza nilikuja nimejiandaa kutukanwa. Nilimkuta Sheikh Jibril amefika mapema kuliko wote, amekaa safu ya kwanza, nyuma ya pale ninaposimama. Wanawe walikuwa nje. Akatoka akawaambia mbele ya kila mtu, "Huyu ndio imamu. Mimi nimesema. Mtu akitoka hapa leo, asiingie kwangu." Wakaingia. Tangu siku hiyo hakukosa sala hata moja, na tukitoka hunipa mkono wa kwanza na kuniita Imamu, yeye mwenye umri wa kunizaa mara mbili. Mtu mwingine akisema neno juu yangu, humnyamazisha. Yale ninayoyahubiri, yeye anayafanya.

Jumatatu iliyopita alikuja nyumbani baada ya Alasiri. Halima alimtandikia mkeka, akampa chai ya maziwa ya ngamia. Alikunywa, kisha akasema amekuja kuomba ruhusa.

"Ruhusa ya nini, Sheikh?"

"Msichana yangu ako Rapsu, mume wake analima huko. Nataka kwenda kukaa na yeye. Siwezi kutoka hii mji bila imamu kujua."

Nilishindwa kuvumilia, nikaangua kilio mbele ya mke wangu. Nikamwambia, Sheikh, siku ya Idi mimi niliijua ile aya. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikamwambia ningeweza kukuokoa nikakuacha. Nilitaka anipige na ile bakora yake. Nilisema nitakwenda kwa Haji Nuur leo hii, nitawaambia wakurudishe.

Aliisubiri sauti yangu itulie. Siku ile kumbukumbu zake zilikuwa timamu, macho yake yalikuwa makavu na yananijua.

"Hapana," akasema. "Usirudishe mtu. Leo wananitoa, kesho wananirudisha, kesho kutwa watatoa wewe. Hiyo sasa si msikiti." Akaweka kikombe chini. "Na ile siku ya Idi, mimi nakumbuka. Watu wote walikuwa wananipigia kelele. Hata watoto. Mimi nilikuambia nyamaza, na wewe umenyamaza. Watu wote ile uwanja, ni wewe peke yako umenitii."

Baba, sijui hadi leo kama alikuwa ananishukuru au ananihukumu. Nilimtazama usoni nikitafuta, sikuona kitu ila uso wa mzee mwenye shukrani. Alisubiri nimpe ruhusa. Nikampa. Aliubusu mkono wangu kabla sijauvuta, akaenda, na asubuhi ya Jumatano alipanda lori la mahindi na lile joho lake ndani ya mfuko wa nailoni.

Nakuuliza wewe, maana huku sina wa kumuuliza. Nikishuka, nitakuwa nimekipindua kiti mara ya pili, na mwenyewe amenikataza. Nikikaa, kila Ijumaa nakaa juu ya kitu nilichokiiba kwa kunyamaza. Uliwahi kutuambia kuwa waliokipindua kile kiti cha kwenu hawakutoka mbali. Nilikuwa mdogo, nikadhani unasema juu ya majirani. Sikujua kuwa mtu anaweza kukiangusha kiti bila kuinua kidole, tena akiwa anakipenda, na hoja zote ziko mkononi mwake. Usiniandikie kurasa za hoja. Niandikie tu nifanye nini.

Mnisalimie Mama, na umwambie nguo za mtoto alizoshona zimefika salama. Msalimie Dada Zuwena na shemeji, na Shangazi wa mtaa wa juu asiyeacha kuniombea dua, mwambie aongeze. Majirani wa barazani wasalimie pia, lakini wakikuuliza habari zangu waambie nafundisha chuo, basi. Na ukijibu, juu ya bahasha andika jina langu peke yake, bila neno imamu.

Mahali pa Sheikh Jibril nyuma yangu pamechukuliwa na Mwalimu Abdi. Amehamia safu ya kwanza, na sasa anajifunza Kurani kwa bidii ambayo sijaiona kwa mtu mzima. Jana baada ya Magharibi aliniomba nimfundishe Surat Qaf. Nimeanza kumfundisha.

Mwanao,
Khalfan